TEMBO WAKIPIGANA, GHALA LAKO LIKO WAPI? Darsa la historia kutoka Ufipa



Leo darsa ni refu kidogo. Tulia, mimina chai yako, usome mpaka mwisho, maana jambo hili linagusa sufuria ya nyumbani kwako hata kama hujawahi kulifikiria.

Tuanze na mfuko wa mbolea. Mwaka 2022 mkulima wa Laela, wa Matai au wa Namanyere alipoingia duka la pembejeo alikuta mfuko wa DAP wa kilo 50 umepita shilingi 100,000. Mkulima huyu hakugombana na mtu. Mvua ni ya Mola wake, jembe ni lake, shamba ni la baba yake. Kwa nini basi aadhibiwe? Kwa sababu bei ya mbolea duniani ilikuwa tayari inapanda, na tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaingiza jeshi lake Ukraine. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Risasi zikalia huko mbali, mkulima wa Ufipa akalipa. Agosti mwaka huohuo serikali ikatangaza ruzuku, mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000, watu wakapumua.

Sasa angalia jambo la pili. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuilaani Urusi. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, na 35 zilijizuia kupiga kura upande wowote. Tanzania ilikuwa katika hizo 35. Uganda pia. Kenya ikakubali. Mitandaoni watu wakagawanyika kama mashabiki wa mpira: huyu timu Urusi, yule timu Marekani. Wengine wakauliza: kukaa katikati ni hekima au ni woga?

Wahenga wetu walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Ni kweli. Lakini methali hiyo haikutuambia nyasi zifanye nini. Hilo ndilo darsa la leo.

MAKKA KATI YA RUM NA FARS

Jambo hili si geni. Rudi nyuma karne kumi na nne. Dunia ya wakati ule ilikuwa na tembo wawili, Rum upande wa magharibi na Fars upande wa mashariki. Kuanzia mwaka 602 mpaka 628 walipigana vita vilivyowachosha wote wawili.

Waarabu walikuwa katikati. Ghassan, waliokuwa mpakani mwa Sham, walijifunga na Rum. Lakhm wa Hira, waliokuwa upande wa Iraq, walijifunga na Fars. Kila mmoja alidhani amepata ngao. Waliishia wapi? Mfalme wa Ghassan, al-Mundhir, alikamatwa na Warumi haohao aliowapigania, akapelekwa uhamishoni Sisilia. Nu'man wa Hira aliuawa kwa amri ya Kisra aliyekuwa bwana wake, kama mwaka 602. Hawakuangushwa na adui, ndugu yangu. Waliangushwa na rafiki mkubwa ambaye hakuwahitaji tena.

Makka ilikuwa mji mdogo usio na shamba wala jeshi la kutisha. Misafara yake ilikwenda Sham, iliyokuwa mikononi mwa Rum, na ikaenda Yemen, ambako Fars ilishika hatamu. Iliuza huku na ikanunua kule bila kuweka rehani mji wenyewe. Na Mtume (S.A.W) alipowatafutia masahaba wake hifadhi, kiasi cha mwaka 615, hakuwapeleka kwa Kaisari wala kwa Kisra. Aliwaelekeza kwa mfalme wa Habasha, aliyesifika kwa uadilifu. Kumbuka hili, tutalirudia: mdogo hutafuta rafiki mwadilifu kabla ya kutafuta rafiki mwenye misuli.

UFIPA KABLA YA MIPAKA

Sasa twende nyumbani, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa.

Kabla hajaja Mzungu yeyote, Wafipa walikuwa na dola zao mbili, Nkansi na Lyangalile, chini ya watawala wa ukoo wa Twa. Walikuwa wakulima hodari na mafundi wa chuma. Walifua chuma katika tanuri ndefu za udongo, na majembe yao yalijulikana mbali. Lakini dola hizi mbili za ukoo mmoja zilikuwa na uhasama baina yao. Liweke hilo akilini.

Miaka ya 1840 walifika Wangoni wakiongozwa na Zwangendaba, wakitokea kusini baada ya safari ya miaka mingi ya vita. Walikuwa ndio jeshi kubwa la wakati ule. Walikaa Ufipa, na Zwangendaba akafia hukohuko. Alipokufa wafuasi wake wakagawanyika, wengine wakaelekea kaskazini, wengine kusini, na wengine njia yao ikaishia Songea. Mkubwa alikuja, mkubwa akapasuka, Mfipa akabaki na shamba lake.

Kisha wakaongezeka wafanyabiashara wa pwani, wakipita kuelekea nchi ya Kazembe na Katanga kutafuta pembe na shaba. Na hapa tuseme ukweli, maana historia ni amana. Kwa njia hiyo Uislamu ulifika bandari za ziwa kama Ujiji, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kwa njia hiyohiyo watu walifungwa minyororo wakauzwa, na baadhi ya waliofanya hivyo walikuwa na majina kama yetu. Dhuluma haigeuki halali kwa sababu aliyeitenda anaswali. Leo Sumbawanga ni mji wa Wakatoliki wengi nasi tuko wachache. Jirani yako akikutajia habari hii usimkasirikie, kiri naye.

Mwaka 1880 Mwingereza Joseph Thomson alipita Ufipa akakuta nchi yenye utulivu inayolima. Watawala wa Ufipa walijua kuishi na wageni: mgeni anapita, anafanya biashara, anaondoka. Hawakujua kwamba mgeni wa safari hii alikuwa na ramani mfukoni.

MSTARI ULIOCHORWA BERLIN

Tazama jinsi tembo walivyoizunguka Ufipa. Kaskazini, pale Karema, watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa mapadri wa White Fathers. Kusini Waingereza walikuwa wakipigania njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, waliyoiita Stevenson Road. Mashariki Wajerumani walikuwa wakipanda kutoka pwani.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Uingereza ikakiachia Ujerumani kisiwa cha Heligoland kule Ulaya, Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na humohumo ukachorwa mstari kutoka Nyasa hadi Tanganyika. Kaskazini mwa mstari ni Mjerumani, kusini ni Mwingereza. Ndiyo maana leo Matai ni Tanzania na Mbala ni Zambia. Nani alitoka Nkansi au Lyangalile akakaa kwenye meza ile? Hakuna hata mmoja. Sultani wa Zanzibar mwenyewe, aliyekuwa na kasri na meli, ugawaji ule ulimpita juu ya kichwa.

Ufipa ingeweza kujiokoa? Sisemi hivyo, nguvu hazikulingana kabisa. Lakini dola mbili za ukoo mmoja zilizokuwa zikihasimiana hazikuwa na sauti moja ya kumwambia mgeni neno lolote.

Wajerumani wakajenga ngome Kasanga, wakaiita Bismarckburg. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka tembo waliletana hapahapa. Juni 1916 Waingereza waliichukua ngome ile. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa na maradhi katika kampeni ya Afrika Mashariki, wakibeba mizigo ya ugomvi usio wao. Novemba 1918 jenerali Mjerumani von Lettow-Vorbeck akasalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Na ile meli ya MV Liemba unayoisikia ziwani ni masalio ya ugomvi huo. Wajerumani waliiunda, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua miaka ya 1920, na sisi tukairithi. Chuma cha tembo kikawa chombo cha nyasi.

MIAKA YA MTIHANI

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Safari hii tulikuwa na kiti mezani. Lakini kiti bila fedha ni kibao tu.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa Wajerumani wawili. Wakati ule Ujerumani ilikuwa imegawanyika. Ujerumani Magharibi, yenye fedha, ilikuwa na sheria yake: anayeitambua Ujerumani Mashariki si rafiki yetu. Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964 ilikuwa imeshaitambua Ujerumani Mashariki. Tarehe 26 Aprili 1964 tukaungana. Tufanyeje sasa? Nyerere akatafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi, iwe na konseli kuu tu Dar es Salaam. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikakasirika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akajibu: mkiondoa huu kwa kutubana, basi chukueni na mwingine uliobaki. Kazi ya kufundisha wanajeshi wa anga ikaenda kwa Kanada.

Unaona alichofanya? Hakukimbilia Moscow kwa hasira. Alitafuta nchi tajiri isiyo na tamaa ya utawala. Ndiyo njia iliyotuletea nchi za Nordiki Kibaha mwaka 1963, na baadaye Norwei ikaja kusaidia maji na maendeleo ya vijiji mkoani Rukwa. Kama babu yako alichota maji ya bomba kijijini kwa mara ya kwanza miaka ile, huenda ni matunda ya siasa hiyo. Rudi kwenye kisa cha Habasha uone mfanano.

Mtihani wa pili ulikuwa wa Marekani. Januari 1965 tuliwafukuza wanadiplomasia wake wawili kwa tuhuma za njama dhidi ya serikali. Marekani ikakanusha, nayo ikamfukuza wa kwetu. Uhusiano ukapoa, lakini haukukatika.

Mtihani wa tatu ulikuwa mchungu zaidi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipowazima, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano. Nchi nyingi zilinyoosha mkono, chache sana zikatekeleza. Tanzania ilivunja uhusiano Desemba 1965. Gharama yake? Mkopo wa pauni milioni 7.5 wa Uingereza ukazuiwa. Kwa nchi changa hiyo ilikuwa shule, hospitali na barabara. Uhusiano ulirudi mwaka 1968.

Hapa napenda uzingatie sana. Kutofungamana hakukuwa kunyamaza. Mwenye kukaa katikati kwa sababu hana msimamo ni mtu mwingine, na anayekaa katikati ili msimamo wake usinunuliwe ni mtu mwingine kabisa.

BARABARA, RELI NA BOMBA

Zambia ilikuwa imefungwa. Njia yake ya kusafirisha shaba ilipita Rhodesia. Kaunda na Nyerere wakataka reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia ikasema haina faida. Waingereza wakapima, lakini fedha haikutoka. China, iliyokuwa yenyewe maskini, ikasema tutajenga.

Makubaliano yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Kilomita 1,860. Mkopo wa yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30, na sikiliza, usio na riba. Wachina makumi ya maelfu walifanya kazi humu nchini kwa miaka ile, na zaidi ya 60 walikufa. Sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani mwetu. Wazee wetu wanazikumbuka.

Lakini watu husahau nusu ya pili ya kisa. Miaka ileile tulipokuwa tukijenga reli na Mchina, barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, na bomba la mafuta la kwenda Ndola lilijengwa na Waitaliano, likaanza kazi mwaka 1968. Njia tatu kuelekea Zambia, kutoka mikono mitatu tofauti. Hakuna aliyeweza kusema: nikiondoka mimi, ninyi mmekwisha. Huo ndio mizani, ndugu yangu. Ni kuhakikisha hakuna mkono mmoja unaoshika funguo zote za nyumba yako, hata ukiwa mkono unaoupenda.

Tusizidishe sifa. Reli ile ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haikuwahi kuzifikia. Mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani 100,000. Kupata msaada bila kufungwa ni ujuzi mmoja, kukitunza ulichopewa ni ujuzi mwingine, na huo wa pili hatukuufanya vizuri.

BEI ALIYOLIPA SALIM

Vijana wengi hawajui kisa hiki. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, alikuwa balozi Cairo akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1971 ndiye aliyekuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 kiti cha China kilipotolewa kwa Beijing, Marekani ikashindwa kura, Waafrika ukumbini walishangilia, naye Salim akiwemo. Mwakilishi wa Marekani ukumbini wakati ule alikuwa George H.W. Bush.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1981 Salim akagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na huko Washington Bush alikuwa makamu wa rais. Marekani ikamwekea kura ya turufu, raundi baada ya raundi. China nayo ikamwekea turufu mpinzani wake Waldheim. Raundi 16 bila mshindi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na akachaguliwa Pérez de Cuéllar wa Peru.

Tembo hasahau. Lakini je, Salim alikwisha? Alikuja kuwa Waziri Mkuu wetu, kisha akauongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12, kuanzia 1989 hadi 2001. Msimamo una bei, na mwenye msimamo huijua kabla ya kuingia dukani.

GHALA LILIPOKAUKA

Sasa tufike kwenye kiini. Nchi iliyoweza kumwambia Mjerumani chukua msaada wako, mbona baadaye ilikuja kukubali masharti?

Kwa sababu ya njaa na deni. Mwaka 1974 na 1975 chakula kilipungua sana, tukaagiza nafaka nje, nyingine kutoka Marekani hiyohiyo. Kisha mafuta yakapanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba. Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti. Nyerere akagoma kwa miaka. Aling'atuka mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ikatia saini. Usimlaumu Mzee Mwinyi haraka. Alirithi nchi ambayo sabuni na sukari zilikuwa za foleni. Mwenye deni hachagui maneno, na ndiyo maana dini yetu imelichukulia deni kuwa jambo zito.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limetahadharisha kwamba kutegemea misaada na mikopo kunahatarisha uhuru. Onyo lilitolewa mapema, ila ghala halikujazwa kwa kasi ya maneno.

Na nani walikuja kujaza ghala? Wewe wa Ufipa, sikiliza sifa yako. Miaka ya 1970 bei ya mahindi ilipofanywa moja nchi nzima na mbolea ikapelekwa nyanda za juu kusini, mikoa minne ikaanza kulisha taifa: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Mahindi ya Sumbawanga yalisafiri barabara ya matope mpaka Tunduma na kwingineko. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Sumbawanga. Unapoona gunia linashushwa pale, usione mahindi tu. Ile ni sera ya mambo ya nje. Kila gunia lililomo ghalani ni sharti moja ambalo balozi wetu halazimiki kulikubali.

BARABARA ILIYOKUJA, FEDHA ILIYOONDOKA

Mfano wa karibu kabisa unaukanyaga kila siku. Tarehe 17 Februari 2008 Rais Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Humo ndimo ilimotoka fedha ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220. Fedha ya Marekani, na miongoni mwa wakandarasi kampuni ya Kichina. Msafiri aliyekuwa akikwama Laela wakati wa masika anajua tofauti. Mwenye kufanya jema ashukuriwe, hata kama hukubaliani naye katika mengine.

Lakini Machi 2016 shirika hilohilo lilisimamisha mkataba wa pili, karibu dola milioni 472, nyingi zikiwa za umeme. Sababu lililozitaja ni uchaguzi wa marudio Zanzibar na matumizi ya sheria ya makosa ya mtandao. Wapo waliosema Marekani inatuingilia, wapo waliosema lililolaumiwa lilistahili lawama. Sitaingia katika mabishano hayo leo. Ninachotaka uone ni hiki: hoja za pande zote mbili zilibaki maneno, na umeme ukabaki ahadi. Msaada ni kama mvua ya jirani, ikinyesha kwako shukuru, ila usipange kupanda kwa kuitegemea.

Na mchezo unaendelea. Septemba 2024 mjini Beijing ilitiwa saini hati ya kuifufua TAZARA kwa mkono wa China, huku Marekani ikiunga mkono reli ya Lobito, inayopeleka shaba ileile upande wa Angola. Tembo wamerudi kwenye njia zilezile. Tofauti ni kwamba leo tunajua nyayo zao.

TUKUSANYE MAFUNZO

La kwanza. Mdogo asimpe mkubwa mmoja funguo zote. Ghassan na Lakhm walitoa zote, wakala hasara. Barabara, reli na bomba vilitawanya funguo.

La pili. Nyumba iwe moja kabla mgeni hajabisha hodi. Nkansi na Lyangalile walihasimiana, mstari ukachorwa bila wao. Sisi leo tukigawana mitandaoni kuwa timu Urusi na timu Marekani, tunafanya kosa lilelile kwa simu za kisasa. Ipende nchi yako kuliko unavyoshabikia ya mwenzio.

La tatu. Kukaa katikati kuwe kwa haki, kusiwe kwa kufumba macho. Anayeonewa aambiwe anaonewa, awe Muislamu au asiwe, na mwenye kuonea akiwa rafiki yetu pia aambiwe. Mizani inayoelemea kwa rafiki si mizani tena.

La nne, na ndilo kubwa. Uhuru wa balozi huanzia shambani. Kura ya kujizuia pale New York ina uzito kama chakula, mbolea na mafuta yako havimo mikononi mwa mtu mmoja. Mbolea yetu nyingi bado tunaiagiza nje. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa amelisha taifa, lakini taifa halijamaliza kumkinga. Hilo ndilo deni lililobaki, na ni letu sisi wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa nje wa kumdai.

Wengi wanasema jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Basi tuutupe na uchawi huu mwingine, wa kuamini kwamba yupo mkubwa fulani, mashariki au magharibi, atakayetupenda kuliko tunavyojipenda.

Wewe uliyeko Laela, Matai, Namanyere, Kasanga au Kirando, niandikie hapo chini: msimu huu mfuko wa mbolea mmeupata kwa bei gani, na gunia la mahindi mmeuza kwa bei gani? Hizo namba mbili zitatufundisha sera ya nje kuliko hotuba nyingi. Na wewe uliyeko mjini unayekula ugali wao, waombee dua.

Mwenyezi Mungu aijalie nchi yetu amani, awape viongozi wetu hekima na uadilifu, na ayabariki mashamba ya wakulima wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.